Sabuni za Idi: theluji, kofia, na ile haluwa iliyomponza ami

Nianze na theluji maana ndiyo iliyonitia kwenye mambo haya. Mwaka 2024 kabla ya Ramadhani niliagiza mtandaoni kalibu za silikoni za kumiminia sabuni, za mwezi na nyota, nimeshapiga hesabu zangu kwamba Idi hii kila mtoto atakayekuja kuchukua mkono wa Idi kwetu Wete, Pemba, namtilia na kisabuni cha mwezi juu ya ile mia tano yake. Mzigo ukapita Dar, ukapita Unguja, ukashuka bandari ya Mkoani, ukanifikia Ramadhani ya kumi. Nafungua boksi hakuna mwezi wala nyota, theluji tupu! Zile za Krismasi, zenye pembe sita na vijimatawi, kalibu nzima vitheluji kumi na viwili. Muuzaji nikimwandikia hajibu. Na hapa kwetu theluji tunaiona kwenye friji tu tena ile inayoganda pembeni.

Bibi akaishika ile kalibu akaigeuza geuza akasema, "Hichi si kiti cha pweza hichi? Mbona kina miguu sita?" Kiti cha pweza ni yule mdudu wa baharini mwenye umbo la nyota, na kwa kawaida ana miguu mitano. Basi hapo hapo nikaona njia imefunguka. Nikazimimina zote, nikazipa jina viti vya pweza, na watoto waliozipokea hakuna hata mmoja aliyeuliza theluji ni nini.

Lakini ukitafuta kwenye mitandao namna ya kutengeneza sabuni za sikukuu utakuta yote ni misonobari na Baba Krismasi na maboga yenye meno, wenzetu wana sikukuu zao na hapana ubaya, ila mie nlikuwa nataka mtu akiishika sabuni aseme hii ni Idi ya kwetu. Kuigeuza theluji kuwa kiti cha pweza ni kubabaisha tu, najua.

Sasa kabla sijaenda kwenye maumbo niseme sabuni yenyewe, kwa sababu wengi wananiuliza "mchanganyiko gani unatumia" wakidhani kuna siri. Siri hapana. Ni mafuta ya nazi, maji na kostiki soda, ile dawa kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni. Mafuta tunapika wenyewe, nazi tunakuna, tunakamua tui, tunalichemsha mpaka maji yaishe na mafuta yajitenge, nazi kumi na tano napata lita moja kasoro kidogo ikiwa nazi zimekomaa vizuri. Kwa gramu 500 za mafuta ya nazi natia kostiki gramu 73 na maji gramu 170. Ukitaka kostiki imalize mafuta yote kabisa ingekuwa kama gramu 91, lakini sabuni ya nazi tupu ikiwa hivyo inasafisha mpaka ngozi inakakamaa kama ngozi ya ngoma, kwa hivyo naiacha asilimia 20 ya mafuta yabakie bila kuliwa, ndo inakuwa laini. Na ni GRAMU, kwa mizani, si kikombe wala kijiko. Mizani ya jikoni ya kidijitali ndiyo kitu cha mwanzo cha kununua, hata kabla ya hizo kalibu.

Kostiki unaitia wewe kwenye maji, si maji kwenye kostiki, maana ukifanya kinyume inaweza kuripuka ikakurukia usoni. Vaa glavu na miwani, fanya nje penye upepo, watoto na kuku mbali. Yale maji yanachemka yenyewe bila moto, yanapanda joto vibaya sana mpaka ndoo huishiki, usishtuke, yaache yapoe mpaka vuguvugu ndipo uyatie kwenye mafuta ukoroge. Ikikurukia ngozini ni maji mengi ya bomba, tena mengi, usianze kutafuta siki wala ndimu.

Na hapa nataka nilie kidogo kuhusu sufuria. Video zote nilizoangalia wanasema "tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu", mie nikasema sufuria ni sufuria. Sufuria zetu karibu zote ni alumini jamani. Nikatia maji ya kostiki kwenye sufuria ya mama ya kupikia wali wa shughuli, ikaanza kuchemka mapovu, kutoa moshi, kugeuka nyeusi, nikaimwaga uani nikakimbia. Kostiki inaila alumini na inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inawaka moto, sasa fikiria na jiko la mkaa lilikuwa hatua tatu tu. Ile sufuria mpaka leo imebaki na madoa na mama akiwa na hasira zake za jambo jengine lolote huitoa akaiweka mezani bila kusema neno. Sasa natumia ndoo ngumu ya plastiki na mwiko wa mbao ambao haurudi tena jikoni.

Kingine cha sabuni ya nazi ambacho nakipenda khasa kwa sisi watu wa visiwani, inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Mnaojua visima vya pwani mnajua ninachosema, unajipaka sabuni ya dukani unasugua mpaka mkono unachoka povu hakuna, inabaki utando tu. Sabuni ya nazi inatoka povu mpaka kwenye maji ya bahari yenyewe, ndo mana mabaharia wa zamani walikuwa wanakwenda nayo safari. Bibi alivyoiogea mara ya mwanzo kwa maji ya kisima chetu alitoka uwani anasema hii siyo ya kugawia watoto, hii tubakie nayo wenyewe.

Haya, kosa kubwa la mwaka ule lilikuwa la kalenda. Mie nilimimina Ramadhani ya kumi na moja, Idi ikaja Aprili 10, yaani wiki nne hazikutimia na tupo ndani ya masika, mvua kila siku, hewa imelowa. Kostiki yenyewe inakuwa imeshamalizana na mafuta ndani ya siku moja mbili, ukiwa umepima sawa hapo hapana hatari tena, lakini maji bado yamo ndani ya sabuni na yanataka muda wa kutoka, wiki nne mpaka sita. Nilizitoa mbichi. Watoto wakaenda nazo kuogea zikayeyuka kama barafu, kwa siku tatu zimekwisha, jirani mmoja akaniambia kwa upole "mwanangu viti vyako vya pweza vizuri lakini pweza wenyewe wameondoka mapema".

Kwa hivyo sasa nahesabu kwa mwezi. Ukimimina nusu ya Shaaban unakuwa na mwezi na nusu mpaka Idi, wiki sita na siku zake kadhaa, uandame leo uandame kesho hukosi kitu. Ikiwa una maumbo mengi na unayarudia rudia kama mie basi anza Rajabu kabisa. Na Idi inarudi nyuma siku kama kumi au kumi na moja kila mwaka kwa kalenda ya kizungu kwa hivyo ukiandika kwenye simu "sabuni, Februari" mwakani itakudanganya.

Mwaka wa pili nikajipanga. Nikapata kalibu za mwezi mwandamo sasa, za kweli. Nzuri kwenye picha. Kwenye mkono ni balaa, sabuni ya nazi inakuwa ngumu haraka na ngumu yake ni ya kuvunjika, zile ncha mbili za mwezi ukiitoa tu zinabaki ndani ya kalibu. Nikitia friza saa moja kwanza ndo zinatoka, lakini si zote. Zile zilizosalimika nikazipanga kwenye ungo juu ya kabati zikauke. Usiku panya wakapanda. Mafuta ya nazi ni mafuta ya nazi, panya hajali kwamba limeshakuwa sabuni, asubuhi kila mwezi umemegwa, mmoja robo, mwengine nusu, kaka yangu akasimama pale akaanza kuhesabu "huu wa tarehe nne, huu wa tarehe saba". Nilicheka baada ya wiki mbili, siku ile nililia.

Kilichoniokoa ni kofia. Sijui ilinijia vipi, nilikuwa natupa vikopo vidogo vya nyanya ya kopo nikaona kile kikopo ukikipindua kimekaa vile vile kama kofia ya viua iliyopigwa pasi. Nikavitia karatasi ya mafuta kwa ndani nikamimina, baada ya saa sita hivi nikazitoa zikiwa bado laini kama jibini (usingoje kesho yake, sabuni ya nazi ikikauka ukiitia kisu inapasuka badala ya kukatika) nikakata kwa unene wa vidole viwili, halafu nikachukua njiti ya kuchokolea meno nikaanza kutoboa vishimo, safu kwa safu, kama kofia inavyoshonwa. Mwanzo zilitoka mbaya, kofia za mlevi. Lakini mama yetu ni mshonaji wa kofia tokea usichana wake, akaangalia weee akashindwa kuvumilia, akaninyang'anya njiti akasema hivi sivyo vinavyopangwa viua, akakaa kitako na akamaliza ishirini na nne jioni ile. Sufuria ikasamehewa kwa muda.

Zile kofia ndiyo zilizotoka kuliko kitu chengine chochote. Elfu mbili mbili, watu wanawachukulia baba zao na waume zao, mmoja alinunua kumi akapeleka Unguja. Nyeupe tupu, hazina hata rangi. Na mwaka huo nimehangaika na rangi sikwambii! Rangi za chakula zile za chupa ndogo usipoteze pesa, niliyotia ya kijani kwa ajili ya nyota ikapauka ikawa rangi ya maji ya mchele. Maua ya hibiskasi ambayo ukiyaloweka yanatoa wekundu mzuri, kwenye kostiki yanakuwa rangi ya udongo. Manjano yanageuka mekundu kwanza unafurahi, halafu yanarudi njano iliyochoka. Iliyosimama ni mzingifuri, mbegu zake unazipasha na mafuta ya nazi kwa moto mdogo kisha unachuja, inatoka rangi ya jua la magharibi na haijanitupa mpaka leo. Wenzetu wa Paje na Jambiani kule Unguja wanatia unga wa mwani, si wamekuwa wakilima mwani huko tokea 1989, sabuni zao nzuri mno na watalii wanazigombania, ila mwani kwangu uliniishia rangi ya kahawia, labda mkono wangu.

Harufu sasa. Mpemba akifanya sabuni harufu ya mwanzo inayomjia ni ipi? Karafuu. Mie nikaona nimepata mkato, mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanatengenezwa hapa hapa Pemba, kiwanda kipo Wawi, sabuni ya Idi ya Pemba itanukia karafuu nani atabisha. Nikamimina vijiko vitatu kwenye ndoo. Nakwambia sijamaliza kukoroga mara ya pili, ile sabuni imeshika! Imekuwa uji, imekuwa ugali, mwiko umesimama wenyewe katikati ya ndoo kama mlingoti. Nikaichota kwa mikono (na glavu) nikaishindilia kwenye kalibu, zikatoka kama mawe ya matumbawe, zimejaa matundu.

Kumbe mafuta ya karafuu sehemu kubwa yake ni kitu kinaitwa eujenoli, na hicho kikikutana na kostiki kinaikimbiza sabuni mbio. Halafu isitoshe vijiko vitatu ni vingi kwa ngozi, karafuu inawasha, na watoto ndo usiseme. Sasa naweka gramu mbili na nusu tu kwa nusu kilo ya mafuta, nazichanganya na mafuta ya nazi mapema kabla ya maji ya kostiki, kila kitu kikiwa kimepoa, na kalibu zimeshapangwa tayari mbele yangu kwa sababu muda wa kutafuta kalibu haupo. Mchaichai ni mpole zaidi, unakupa nafasi ya kupumua. Kikuba kizima nimejaribu pia, asumini na mrehani na langilangi, nikaviloweka kwenye mafuta, lakini kostiki ilikula ile harufu yote, ikabaki kama nguo ya bi harusi siku ya saba.

Yale mawe ya karafuu sikuyatupa. Bibi anayatumia kusugulia miguu.

Sasa haluwa. Hii nilijitakia mwenyewe.

Idi ya mwaka jana nikasema nataka kitu cha kuwashangaza wageni. Nikaagiza kutoka Dar ile sabuni ya kuyeyusha, inakuja kama vipande vya kioo, haina haja ya kostiki wala ya kungojea wiki sita, unaiyeyusha kwa mvuke, unatia rangi na harufu, unamimina, saa moja imeganda. Ina gliserini nyingi. Nikatia kakao kidogo mpaka ikapata ile rangi ya haluwa inayopitisha mwanga, nikaimimina kwenye bakuli pana isikae sawa sawa, nikaivuruga juu kwa kijiko ikiwa inaganda, na sabuni nyeupe nikaikwaruza vipande vyembamba nikaipachika kama lozi. Nikatia harufu ya iliki. Halafu, na hapa ndipo shetani aliponisaidia, nikaitia kwenye kikapu kidogo cha ukili kama inavyouzwa haluwa yenyewe.

Na ikatokea kwamba hewa ilikuwa ya mvua, na gliserini kazi yake ni kuvuta maji kutoka hewani, ile sabuni ikatoa jasho. Vijitone vidogo vidogo juu yake. Nilitaka kuifuta, halafu nikaiangalia nikasema mbona hivi ndivyo haluwa inavyokaa ikitoa samli. Nikaiacha.

Idi mosi baada ya sala watu wanaingia wanatoka, kahawa ipo, visheti vipo, vileja vipo, na haluwa ya kweli imo kwenye sahani. Yangu niliiweka rafu ya pembeni na sabuni nyengine. Nani aliyeihamisha mpaka leo hajulikani, kila mtu anaapa. Ami yangu mkubwa kaja, mtu mzima, kanzu imenyooka, kakaa, katiliwa kahawa, mkono ukaenda kwenye kikapu badala ya sahani. Akakata tonge zuri kwa kijiko. Mie nilikuwa mlangoni na sinia, nimeona, nimefungua mdomo, sauti haikutoka.

Akatafuna. Akatafuna tena. Watu wanazungumza hawana habari. Akameza kahawa juu yake, kahawa ya moto, na mnajua sabuni na maji ya moto. Akafunga mdomo kwa heshima ya mtu mzima aliyekaa barazani mbele za watu, lakini povu halina adabu, likaanza kuchungulia pembeni mwa mdomo taratibu. Akatoa kitambaa, akajipangusa, akamgeukia baba akamuuliza kwa upole kabisa, "Haluwa hii mmeichukua kwa nani mwaka huu?"

Alisukutua maji, akanywa maziwa kwa ushauri wa Bibi, tumbo likamsokota kidogo mpaka laasiri basi. Alicheka yeye kuliko sote. Lakini mie usiku ule sikulala, nafikiri ingekuwa mtoto wa miaka miwili je? Mtoto angeendelea kula kwa ile harufu ya iliki. Nikasoma soma nikakuta kwamba Ulaya mwaka 1987 walipitisha sheria ya kukataza bidhaa zisizo chakula zinazofanana na chakula kiasi cha kumdanganya mtu, khasa watoto, na nikaona wallahi wana haki yao. Kuna watu wamenikera kwenye hili, wananiambia "si mchezo tu, irudishe ile haluwa". Siirudishi na ile harufu. Nikifanya haluwa sasa naipiga muhuri wa mwezi katikati, haina iliki, inanukia mchaichai tu, na haikai kwenye kikapu cha ukili. Na haitoki nyumbani kwetu kwenda nyumba yenye mtoto mdogo. Kofia hakuna mtoto anayetaka kuila.

Ila hata sabuni zangu za kawaida bado mtu wa mwanzo kuzionja ni mie mwenyewe, na hili ni la kazi, si mzaha. Sabuni ikitimiza wiki nne unalowesha kidole, unaisugua, unagusa ncha ya ulimi kidogo tu. Ikikupiga shoti kama unagusa betri basi kostiki imebaki, haifai kumpa mtu. Ikiwa ladha ni sabuni tu, mbaya ya kawaida, iko salama. Ami nilipomweleza hivyo alisema basi yeye hiyo kazi anaijua, niwe namwita.

Leo Rajabu imeshaingia. Mwaka huu nataka kofia mia moja, na mama kasema viua atatoboa yeye ila vikopo nitafute mwenyewe, kwa hivyo mtaa mzima tunakula nyanya ya kopo. Miezi nimeiacha, panya washindwe. Na kuna mtu wa hoteli moja ya Unguja ameniuliza kama naweza kumfanyia sabuni za Krismasi mwisho wa mwaka, anataka theluji, nikamwambia ninayo kalibu yake ndani, haijachakaa.

Basi niishie hapa, Bibi kashaniita mara tatu, nazi arubaini zimeshafuliwa na mbuzi ya kukunia ni moja tu.